Pesa iko wapi sasa hivi? Kuingiza malipo, mikopo na bima ndani ya duka lako la mtandaoni

Mwenye duka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ukimuuliza pesa yake iko wapi atakujibu bila kufikiri: iko kwenye droo, nyingine mfukoni, na elfu kumi anayo kijana aliyetumwa kutafuta chenji. Mimi nauza vyombo vya jikoni mtandaoni, stoo yangu ni chumba kimoja Sinza, na kwa muda mrefu swali hilo lilinishinda. Mteja ameshalipa, mzigo umeshaondoka na bodaboda, lakini kwenye akaunti hakuna kitu. Si kwamba nilikuwa nimeibiwa. Pesa ilikuwa njiani, na njia yenyewe sikuwa naijua.

Njia hiyo ndiyo nataka tuifuate hapa, hatua kwa hatua.

Huduma za fedha zilizopachikwa ni hivi. Zamani mteja alikuwa anatoka dukani kwako kwenda benki, kwa wakala au kwa kampuni ya bima, halafu anarudi. Sasa huduma hizo zimehamia dukani: analipa, anakopa na kukatia mzigo bima kwenye ukurasa uleule alikochagulia sufuria. Mfano tunao mtaani. Mangi ana duka la unga na mafuta, na ndani ya duka kuna meza ya wakala. Unanunua mchele, unatoa hela, unalipia LUKU, hujavuka barabara. Lakini Mangi hajawa benki. Nyuma ya ile meza kuna mtandao wa simu, nyuma ya mtandao kuna benki inayotunza fedha, na juu yao wote kuna Benki Kuu. Duka lako la mtandaoni likipachikwa huduma hizi linakuwa duka la Mangi, tofauti ni kwamba meza ya wakala huioni kwa macho.

Tanzania hatukuanza na tovuti, tulianza na simu. M-Pesa iliingia 2008, na 2014 ikaja M-Pawa, ambapo mtu aliweka akiba na kukopa kupitia menyu ya Vodacom huku benki iliyokuwa nyuma yake, Commercial Bank of Africa, wengi wakiwa hawaijui hata jina. Hiyo ilikuwa huduma ya fedha iliyopachikwa kabla hatujaanza kuiita hivyo.

Hatua ya kwanza: chora njia ya shilingi

Kabla hujampigia mtu yeyote simu, chukua karatasi. Andika oda moja ya kweli. Yangu ni seti ya masufuria ya shilingi 85,000, mteja yuko Mbagala na anatumia Airtel Money.

Anabonyeza "lipa", simu yake inaleta ujumbe wa kuweka namba ya siri, anaiweka. Pesa inatoka kwake na kuingia kwenye akaunti ya kampuni inayokusanya malipo kwa niaba yako. Wakusanyaji wa namna hiyo wapo kadhaa hapa mjini: Selcom, AzamPay, ClickPesa, Pesapal, DPO na wengine. Wao wana mikataba na mitandao yote na benki, kwa hiyo wewe unaunganishwa mara moja badala ya kuzunguka kwa kila mtandao. Ni madalali, kwa maana nzuri ya neno hilo. Mkusanyaji anakata chake, halafu anakulipa kwenye akaunti yako ya benki au ya simu.

Kwenye kila kituo andika mambo matatu: nani ameshika, kwa muda gani, na amekata kiasi gani. Tuseme mkataba unasema asilimia 3 na malipo siku ya kazi inayofuata. Basi 85,000 inageuka 82,450, na oda ya Ijumaa usiku unaipata Jumatatu. Kwa mtu anayelipia mzigo Kariakoo Jumamosi asubuhi, hizo siku ni nyingi kuliko zinavyosikika. Ile namba kubwa ya kijani kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa mkusanyaji unaoonyesha miamala yako, iliyoandikwa "salio", bado ni ahadi. Ukishaielewa hivyo hutaagiza mzigo kwa kuitegemea.

Karatasi hiyo usiitupe. Kila huduma mpya utakayoongeza, iwe mkopo, bima au amana (pesa kushikiliwa katikati mpaka mteja apokee mzigo), itakuwa kituo kipya kwenye njia hiyohiyo.

Hatua ya pili: makaratasi

Hapa hakuna cha kuchezea wala cha kueleza sana. Jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA, TIN, leseni ya biashara kutoka manispaa yako, kitambulisho cha NIDA, na akaunti ya benki kwa jina la biashara. Jina la akaunti lisipolingana na la BRELA hata kwa herufi, utasubiri wiki nzima huku ukiambiwa "bado tunapitia".

Mawili watu huyasahau. Kwanza, bei ziwe kwa shilingi. Kanuni za 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na programu nyingi za maduka huja na dola kama chaguo la awali. Pili, risiti unayotoa ni ya 85,000, si ya 82,450. Mauzo yako ni alicholipa mteja. Makato ni gharama yako na yana mstari wake kwenye vitabu. Nimeona watu wakiandika mauzo kwa kile kilichoingia benki, na hesabu zao zikagombana na mashine ya EFD mwaka mzima.

Hatua ya tatu: mchague mkusanyaji

Anza na leseni. Kampuni zinazoendesha malipo hapa nchini zinasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Jina lisipokuwemo, usiendelee na mazungumzo hata kama kijana wao wa mauzo amevaa vizuri na ana kalenda za kugawa.

Baada ya hapo muulize kwa maandishi. Makato ya kila njia ni kiasi gani, maana kadi za benki kwa kawaida hazikatwi sawa na pesa za simu? Malipo yananifikia baada ya siku ngapi, na sikukuu mnazihesabuje? Mteja akirudisha mzigo, makato yangu yanarudi au yamekwenda? Mnaweza kuzuia pesa yangu kwa sababu zipi, na kwa muda gani? Hili la mwisho ndilo la kukazania. Mkusanyaji anayekujibu "hatuzuii pesa ya mtu" anakudanganya au hajui kazi yake, kwa sababu kila mmoja ana wajibu wa kusimamisha miamala anayoitilia shaka. Unachotaka kujua ni utaratibu: nani anakupigia, na unapeleka ushahidi gani ili ifunguliwe.

Amua pia nani anabeba makato. Wapo wanaomwongezea mteja kwenye ukurasa wa mwisho. Mimi siwashauri. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, wateja wangu waliokuwa wamezoea kulipa kwa simu walirudi kusema "nitakupa mkononi", na sehemu kubwa ya hasira yao ilikuwa ni kuiona tozo mwishoni, wakiwa wameshakubali bei. Makato yangu yamo ndani ya 85,000 tangu mwanzo.

Hatua ya nne: unganisha, kisha jaribu kama adui

Kama huna tovuti na unauzia Instagram na WhatsApp, huhitaji fundi. Lipa namba na msimbo wa TANQR, ule mraba mteja anaoupiga picha kwa simu ili alipe, vinatosha kuanzia, na wakusanyaji wengi wanaweza kukupa kiungo cha kulipia unachombandikia mteja kwenye mazungumzo. Wenye tovuti ndio wanaohitaji kuunganisha mifumo kwa API, yaani njia ambayo programu mbili zinazungumza zenyewe, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu nimeungua hapa.

Muamala una safari mbili. Ya kwanza ni ya kwenda: duka lako linamwambia mkusanyaji "mdai mteja huyu 85,000 kwa oda namba fulani", naye anausukuma ujumbe kwenye simu ya mteja. Ya pili ni ya kurudi: mteja akishaweka namba ya siri, mkusanyaji analitumia duka lako taarifa kwamba pesa imeingia. Mafundi wanaiita kolibaki. Oda inapaswa kubadilika kuwa "imelipwa" kwa kolibaki hiyo, si kwa kitu kingine chochote.

Usiku mmoja kabla ya Idi, kolibaki za mkusanyaji niliyekuwa naye ziligoma. Wateja walikatwa, duka likaendelea kusema "haijalipwa", wakabonyeza tena. Dada mmoja wa Tabata alilipa seti ileile mara tatu, halafu akanipigia saa nne usiku: "Kaka, mimi nimenunua masufuria au kiwanja?" Kurudisha zile pesa kulichukua siku tisa. Mkusanyaji alikuwa na kosa lake, lakini langu lilikuwa kubwa zaidi: fundi wangu hakuweka njia ya pili ya kuuliza.

Kwa hiyo mwambie fundi wako afanye haya. Kila oda iwe na namba moja ya kipekee inayokwenda na ombi la malipo, ili ombi likirudiwa mfumo utambue ni lilelile. Kolibaki isipofika ndani ya dakika moja au mbili, duka lenyewe limuulize mkusanyaji hali ya muamala, na mteja aone maneno "tunathibitisha malipo yako, usilipe tena". Kolibaki ikija mara mbili, na huwa inakuja, oda isitoke mara mbili. Na kila kolibaki ihakikiwe sahihi yake ya siri, kwa sababu anwani inayopokea taarifa hizo iko wazi mtandaoni na mjanja yeyote anaweza kuitumia ujumbe wa uongo.

Kwenye mazingira ya majaribio usijaribu malipo yanayofanikiwa tu. Jaribu mteja mwenye salio pungufu, anayeweka namba ya siri isiyo sahihi, anayezima simu katikati, anayelipa halafu akafunga ukurasa. Fanya hivyo kwa kila mtandao, maana hawafanani. Kadi za benki ziache kabisa kwenye ukurasa wa mkusanyaji; namba ya kadi ya mtu isikae kwenye mfumo wako hata kwa sekunde moja.

Na kwa wote, wenye tovuti na wasio nayo: skrinishoti si malipo. Meseji ya muamala mtu anaitengeneza kwenye simu akiwa kwenye daladala. Mji huu ndio uliotuzoesha "ile hela tuma kwenye namba hii", tusijifanye wageni. Kijana wangu wa kufunga mizigo ana amri moja: haangalii simu ya mteja, anaangalia mfumo wetu.

Hatua ya tano: suluhisha hesabu kila jioni

Orodha tatu ziwekwe pamoja: oda za duka, miamala ya mkusanyaji, na kilichoingia benki. Zikitofautiana, andika kwa nini. Ni dakika ishirini ukifanya kila siku, ni machozi ukisubiri mwisho wa mwezi.

Hatua ya sita: amana, kwa wanaoogopa kupigwa

Jumia, soko la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Wauzaji wadogo walioendelea walibaki kila mtu na ukurasa wake wa Instagram, na kila mtu na tatizo lilelile: mteja haamini kulipa kwanza, muuzaji haamini kupeleka kwanza. Jibu la mji limekuwa "lipia ukipokea". Bodaboda inakwenda Tegeta, mteja hapokei simu, mzigo unarudi, nauli ya kwenda na kurudi ni yako.

Wachina walikutana na woga huohuo kwenye Taobao, soko lao la mtandaoni. Alipay ilianza 2003 na 2004 kama dawa yake: mnunuzi analipa, pesa inashikiliwa katikati, muuzaji anatuma mzigo, mnunuzi akithibitisha ndipo muuzaji analipwa. Mengine yote makubwa ya Alipay yalijengwa juu ya wazo hilo dogo.

Ukipata mkusanyaji au soko la mtandaoni linalotoa amana, rudi kwenye karatasi yako uongeze kituo. Pesa inashikiliwa kwa jina la nani, kwenye akaunti gani? Mteja akinyamaza bila kuthibitisha, inaachiwa baada ya siku ngapi? Mkigombana, nani anaamua? Lakini usijaribu kuwa wewe mwenyewe ndiye unayeshikilia pesa za wauzaji wengine. Siku utakapofungua duka lenye wauzaji kumi na pesa zao zote zikapitia akaunti yako, umeshaingia kwenye shughuli inayohitaji leseni. Mwache mkusanyaji agawanye malipo moja kwa moja kwa kila muuzaji.

Hatua ya saba: mikopo, ya mteja na yako

Mikopo hii ni ya aina mbili na haifanani.

Wa kwanza ni wa mteja: achukue sasa, alipe kidogo kidogo. Klarna ya Sweden, iliyoanzishwa 2005, ndiyo imeitangaza sana njia hii Ulaya. Mkopeshaji anakulipa wewe, akikata zaidi ya makato ya malipo ya kawaida, na mteja anabaki kudaiwa na mkopeshaji. Unakubali makato hayo kwa sababu mteja wa sufuria moja sasa anachukua seti. Hapa kwetu sehemu ya mkopo huo imo tayari kwenye simu ya mteja. Songesha ya Vodacom inamkamilishia muamala salio likipungua, na wewe muuzaji unaona tu kwamba umelipwa. Kwa mkopeshaji utakayempachika wewe mwenyewe, tafuta kifungu kimoja kwenye mkataba: mteja asipolipa, je, mkopeshaji ana haki ya kukurudia? Kama anayo, basi aliyekopesha ni wewe, na yeye amekuuzia programu.

Wa pili ni wa kwako. Mkusanyaji anaona mauzo yako kila siku kuliko benki yako inavyoyaona, kwa hiyo siku moja dashibodi itakuandikia: umestahili mtaji. Huko nje Amazon walianza hivyo 2011, Shopify 2016. Mara nyingi hawataji riba, wanataja ada, na ada inaonekana ndogo. Piga hesabu pamoja nami.

Unapewa 2,000,000, ada ni 200,000, marejesho ni asilimia 10 ya kila mauzo. Unauza 150,000 kwa siku, kwa hiyo wanakata 15,000, na utamaliza kwa siku kama 147. "Asilimia 10 tu," unajisemea. Lakini ile milioni mbili hukukaa nayo siku zote hizo. Ulikuwa unairudisha kila siku, kwa hiyo kwa wastani ulishika kama milioni moja. Umelipa 200,000 kwa kutumia milioni moja miezi mitano. Hiyo ni asilimia 20, na ukiipeleka kwenye mwaka mzima ni karibu asilimia 50. Tena mauzo yakipanda mara mbili utamaliza kwa siku kama 73, na ada ni ileile: kwa kipimo cha mwaka mkopo umekuwa ghali mara mbili kwa sababu umelipa haraka! Kabla ya kubonyeza, uliza kama ukilipa mapema ada inapungua.

Sisemi usichukue. Masufuria nayanunua 60,000, nauza 85,000, na mzigo unaisha ndani ya wiki tatu. Pesa ileile inazunguka mara sita au saba kabla deni halijaisha, ada inajilipa. Nisingechukua mkopo huo kununulia majiko ya oveni yanayokaa stoo miezi minne. Tazama pia kinachobaki kwenye oda moja wakati deni linakatwa: 25,000 ya faida, toa makato 2,550, toa bodaboda 5,000, toa rejesho 8,500. Umebaki na 8,950, na humo kuna kodi ya chumba, bando na mshahara wa kijana.

Leseni ya mkopeshaji iangalie kama ulivyoangalia ya mkusanyaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kausha damu ya kwenye simu haina tofauti na ya mtaani, isipokuwa hii inajua pia namba za shemeji zako.

Bima nitaipita haraka. Bima ya mzigo unaosafiri inafaa kwa vitu vya kuvunjika vinavyokwenda mikoani kwa basi kutoka Mbezi; ndani ya Dar, kwa sufuria, ada yake hainilipi. Ukiipachika, hakikisha kampuni inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, na kisanduku cha bima kisiwe kimeshatiwa tiki kabla mteja hajakigusa.

Taarifa za wateja zinataka uangalifu zaidi. Kila huduma unayopachika inaondoka na namba za simu, anwani na tabia za ununuzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa chumba kimoja Sinza: jisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mweleze mteja unachukua nini na unampa nani, na mkataba useme mkopeshaji haruhusiwi kumpigia mteja wako kumuuzia mambo mengine.

Hatua ya mwisho: jua mlango wa kutokea

Utamwacha mkusanyaji wako siku moja. Usizime siku hiyohiyo. Muunganishe mpya kwanza, hamishia njia moja ya malipo, kaa wiki mbili ukiwa na wote wawili. Pakua miamala yote ya nyuma wakati bado unaweza kuingia kwenye dashibodi, maana TRA wakikuuliza ya mwaka juzi hutaweza kuwaambia nilihama. Subiri marejesho ya wateja yaliyo njiani yaishe, na kama una mtaji unaokatwa kwenye mauzo, soma mkataba unasemaje kuhusu kuhama kabla hujamaliza. Salio likisoma sifuri na benki ikaonyesha shilingi ya mwisho imefika, ndipo ufute funguo za API na uandike barua.